Zima sauti, uone kama utaogopa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: filamu ya kutisha humtiaje mtu hofu, ilhali anajua fika kwamba ni maigizo? Jibu langu ni sauti. Damu na sura zilizooza hutia kinyaa tu. Anayetutetemesha hasa ni fundi sauti, akisaidiana na mtunzi wa muziki.

Chukueni Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Mwanamke anaoga, pazia linavutwa, kisu kinashuka. Shambulio lenyewe halifiki dakika moja. Picha haina rangi, damu ni sharubati ya chokoleti, na mlio wa kisu kuzama mwilini ni tikiti linalochomwa. Hitchcock alitaka pale pasiwe na muziki kabisa. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, akautunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, fidla zikilia karibu na mayowe ya mtu. Hitchcock alipousikia akabadili msimamo. Papa wa bandia wa Jaws (1975) naye alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi noti mbili za muziki wa mtunzi John Williams zishike zamu yake.

Ila kelele bila ukimya ni kelele tu. Katika Cat People ya 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, binti anatembea usiku kando ya bustani, nyuma yake kuna vishindo vya viatu vya mwanamke mwingine, anayedhaniwa hugeuka chui. Mara vishindo vinakoma. Muziki hakuna. Mtazamaji anabana pumzi, anategea mnyama, na hapo ndipo breki zinapofoka: ni basi la abiria limefika kituoni. Basi! Na bado unaruka kitini, kwa sababu mwili hushtuka kabla akili haijapata nafasi ya kuukumbusha kwamba hii ni filamu.

Mwenye shaka aende kibanda umiza, ule ukumbi mdogo wa video wa mtaani, siku wanayoonyesha filamu ya kutisha iliyotafsiriwa na DJ, anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake. DJ hanyamazi: "Dada, usiingie humo, utakufa wewe!" Kibanda kizima kicheko. Zimwi ni lilelile, giza ni lilelile, lakini pa kutegea sikio hapapo tena. Wapenzi wa sinema watasema huko ni kuiharibu kazi ya watu, na wana haki. Mimi filamu za aina hii nazitazama kwa DJ tu, na usiku nalala.