Re: Bwawa la tope linatoa maji machafu mvua ikinyesha

Mambo mkuu. Umesema bwawa lenu la mgodini huko Misungwi, lile la kutuliza maji ili tope lizame chini, mmelichimba juzi tu, ila mvua ikipiga maji yanatoka rangi ya chai ya maziwa. Cheki kina kwanza, chukua mti mrefu uuchore kila sentimita 10, muingie wawili na mtumbwi, maboya mwilini, mchome chini, sisi tulijua tuna mita 2 za maji kumbe tope lishakula nusu. Alafu mlango wa maji kuingia na wa kutokea ikiwa karibu karibu maji yanakatiza tu hayatulii, weka kizuizi katikati yazunguke. Tuta la udongo linalozuia maji ya bwawa lipitie kwa mguu upande wa chini, maji yanayovuja masafi yafuatilie kila siku, yakitoka na udongo ndani tuta linatoboka hilo, mwite injinia saa hiyohiyo. Na ukague mvua ikinyesha bana, siyo keshokutwa jua linawaka.