Muulize Muuguzi: Nasubiri majibu ya kinyama, usingizi sina

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mkulima wa mpunga na pamba wilayani Maswa. Tangu mwaka jana nakojoa damu, inakuja inapotea, wala haiumi. Zahanati wamenitibu UTI mara kadhaa. Mwezi huu, hospitali ya rufaa, wameniingizia kamera kwenye kibofu wakakuta uvimbe wanaoutilia shaka, wakachukua kinyama. Nimeambiwa nirudi baada ya wiki tatu. Mbona malaria napewa majibu hata benchi halijapata joto? Shemeji yangu anasema kansa ikiguswa na kisu inatawanyika, na ana mtu wake wa miti shamba huko Bariadi wa kunishikilia wakati nasubiri. Mke wangu nimemwambia ni UTI tu. Siku hizi nguo zangu za ndani nafua mwenyewe asione damu. Utotoni tulikojoa damu wavulana wengi pale kijijini, tukaona ndiyo kukua. Sigara navuta, ila si nyingi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hizo nguo za ndani. Mke aliyekufulia miaka yote, leo anakukuta umeinamia beseni usiku unafua bukta, unadhani anawaza UTI? Anawaza mwanamke wa nje, au gonjwa la zinaa. Mwambie. Tena siku ya majibu utamhitaji. Nimekaa wodi ya upasuaji muda mrefu, nimeona wanaume wenye akili zao timamu wakisikia neno la kwanza la daktari, na yote yaliyofuata yakapita juu ya kichwa. Mwenzako atakumbuka ulichoambiwa.

Sasa hizo wiki tatu. Kipimo cha malaria kinatafuta kitu kimoja tu kwenye tone la damu. Kinyama chako, ambacho huenda hakizidi punje ya mchele, kina safari. Kinatiwa kwenye kichupa cha formalini kisioze, na formalini nayo inahitaji muda kupenya hadi ndani. Kinapitishwa kwenye spiriti mpaka maji yaishe, kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta inaganda, kisha mtu wa maabara anakikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko unywele. Vinatiwa rangi, waridi na zambarau, ndipo daktari wa patholojia anaviweka kwenye hadubini. Mambo yakienda vizuri hiyo ni kazi ya siku chache. Zinazobaki ni foleni: madaktari hao nchini ni wachache na vichupa vinamiminika kutoka kila wilaya. Pengine naye hana uhakika, anaomba rangi nyingine au jicho la mwenzake. Hapo akichelewa, anachelewa kwa faida yako.

Kuna kuchelewa kwingine kusikomfaa mtu yeyote. Kichupa kimekaa kwa sababu kipimo hakijalipiwa, au bima haijaidhinisha, au jina la kwenye kichupa si lile la kwenye faili. Usingoje wiki ya tatu ndipo ugundue. Kama una kijana mjini, mtume dirisha la patholojia na namba ya faili yako, aulize: mmekipokea? Kimelipiwa?

Shemeji yako umsalimie, lakini hilo la kisu amelikosea, na amelikosea pamoja na nusu ya nchi. Watu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshakwenda mbali, wanakatwa kinyama, wanafariki baada ya muda mfupi, lawama inaangukia kisu. Uvimbe wa kibofu haujulikani ni nini mpaka kinyama kitazamwe. Daktari kwa macho yake, hata kwa kamera nzuri, hukisia tu.

Na kwa mtu wa kwenu kukisia ni kugumu zaidi. Ile damu ya utotoni haikuwa kukua, ilikuwa kichocho, mliokipata kwenye malambo na majaruba. Minyoo yake hutaga mayai, mengine yakanasa kwenye kuta za kibofu yakakaa humo miaka na miaka, yakileta vidonda na vinundu ambavyo kwa kamera vinaweza kufanana na saratani. Kwa hiyo yawezekana kabisa usiwe na kansa. Lakini sikufichi: kichocho cha mkojo cha muda mrefu kimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vyanzo vya hakika vya saratani ya kibofu. Wakikuambia wameona mayai, usiinuke kwenye kiti. Uliza: na saratani, ipo au haipo?

Ikiwa ipo, uliza ni ya aina gani, na kama imeingia kwenye msuli wa kibofu. Hilo la msuli ndilo linaloamua mengi. Iliyo juujuu mara nyingi hukwanguliwa kwa njia ileile ya kamera, kisha unachunguzwa kila baada ya muda, maana ina tabia ya kurudi. Iliyozama kwenye msuli inadai matibabu mazito: kuondoa kibofu, dawa za kansa, mionzi. Omba nakala ya majibu, ikae nyumbani kwako.

Kwa sasa kunywa maji ya kutosha. Damu kidogo kwa siku chache baada ya kamera ni kawaida. Ukiona mabonge ya damu, ukashindwa kukojoa, au ukapata homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Maumivu meza parasetamoli. Diklofenaki usijinunulie dukani, inaweza kuzidisha damu na kuumiza figo. Na kwa ajili ya figo hizohizo, mtu wa Bariadi naye asubiri.

Halafu sigara umeitaja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini. Duniani ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha saratani ya kibofu, kwa sababu sumu zake huchujwa na figo zikaja kukaa humo pamoja na mkojo. Hiyo haihitaji majibu ya maabara. Acha leo, na mkeo akishajua yote atakusimamia kuliko mimi.