Mwakilishi yupo Chukwani, mchango wa nini?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wanafunzi wa vyuo vikuu waongezewe mchango wa serikali ya wanafunzi, ili viongozi wao wapate fedha za kwenda kuwasemea wizarani, Bungeni na kwenye Baraza la Wawakilishi. Mimi ni mwanafunzi, tena ninayejilipia, na jibu langu ni hapana.

Hoja ya wanaotaka nyongeza naijua. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo Mzanzibari ana milango miwili ya kubisha. Ipo bodi ya mikopo ya Muungano, na ipo ya kwetu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, ukipaza sauti hapa unaambiwa ukaulize kule. Na kufika Dodoma ni boti, kisha treni au basi, kisha kula na kulala. "Mkono mtupu haulambwi," wananiambia.

Hapo ndipo shaka inaponizidi. Mbunge na mwakilishi wanalipwa kwa kodi zetu, wanataka kulamba nini tena? Zanzibar ina majimbo 50, na kila jimbo lina mbunge wake na mwakilishi wake. Baraza linakaa Chukwani, ambako Chuo Kikuu cha SUMAIT ni jirani, na kutoka vyuo vya Tunguu ni safari ya daladala tu. Wabunge nao hawahamii Dodoma moja kwa moja. Hurudi kuzika na kuozesha kama sisi. Mwenzangu mmoja alimngoja wake nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akamtia barua mkononi.

Kilichotupungukia ni kazi ya mezani. Nani kacheleweshewa fedha, aliomba lini, alijibiwa nini na nani? Orodha ya namna hiyo ukiiweka mbele ya waziri, hawezi kukupa chai ukaondoka. Lakini viongozi wetu huenda na "changamoto za wanafunzi", wakapiga picha, wakarudi wakasaini posho. Fedha zikiongezeka, nahofia kitakachoongezeka ni msafara.

Na mlipaji ni nani? Mchango umo kwenye kontrol namba ileile ya ada, huwezi kuupunguza. Mwanafunzi wa Pemba asiye na mkopo, mama yake anachuma karafuu za watu na kulipwa kwa pishi, atalipa sawa na mtoto wa mkurugenzi.

Marekani suala la michango ya lazima lilifika Mahakama ya Juu mwaka 2000. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikataa kuchangia vikundi wasivyoviafiki. Chuo kiliruhusiwa kuendelea kutoza, kwa sharti kwamba ugawaji wa fedha usipendelee msimamo wowote. Kwa vikundi vingi sharti hilo linatekelezeka. Lakini kiongozi anayekwenda kushawishi wanasiasa lazima achukue msimamo, na visiwa hivi mnavijua: leo mkopo, kesho rangi ya fulana ya chama.

Wakishikilia, basi mchango uwe wa hiari, wenye namba yake ya malipo. Matumizi yabandikwe ubaoni, Unguja na Pemba, safari kwa safari, pamoja na barua iliyopelekwa na jibu lililorudi. Na yabandikwe kabla ya uchaguzi wa viongozi wapya, maana wakishakabidhi ofisi humpati wa kumuuliza.