Kumsaidia muuaji baada ya tendo: ndugu yako anakabiliwa na adhabu gani

Mkuu, umeuliza kama binamu yako, aliyefua nguo za rafiki yake zenye damu na kumtumia nauli ya kukimbilia mkoani, anaweza kuhukumiwa kunyongwa pamoja naye. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Tanzania, na kesi za mauaji ninazopangiwa na Mahakama Kuu kuwatetea wasio na uwezo zimenikutanisha na watu wa aina yake mara nyingi.

Kama kweli aliingia baada ya kifo, hawezi kunyongwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 387 (namba za vifungu ninazotaja ni za Toleo la 2022), inamgusa anayempokea au kumsaidia mtu huku akijua ametenda kosa, ili asiadhibiwe. Kosa likiwa mauaji, kifungu cha 213 kinaweka ukomo wa kifungo cha miaka 7. Muuaji mwenyewe akitiwa hatiani, jaji hana hiari, ni kunyongwa tu. Kwa huyu wa pili hiari ipo, tena pana: anaweza hata kumwachia kwa masharti.

Hatari iko kwenye saa. Wakipatana kabla ya tukio kwamba mmoja anaua na mwingine anasubiri na pikipiki, vifungu vya 22 na 23 vinawahesabu wote kuwa wauaji. Upande mwingine, kama alifua akiamini damu ile ni ya ajali ya bodaboda, hana kosa, na ni Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inayopaswa kuthibitisha kwamba alijua. Muamala wa ile nauli una saa na dakika, kwa hiyo utamwokoa au utamzamisha.

Kwenye adhabu, jambo linalowaumiza majaji kuliko yote ni kuficha mwili. Aliyesaidia kuutupa maiti kwenye shimo la choo amewanyima wafiwa kaburi, watu wanazunguka hospitali na vituo vya polisi wakimtafuta marehemu wao. Huyo hata mimi simtegemei kuhurumiwa, na sioni kwa nini ahurumiwe. Kufua nguo kuko mbali na hapo. Yanayopunguza adhabu ni kuwa mkosaji wa kwanza, kukiri mapema, kuwaonyesha polisi ushahidi ulipo, na kutishwa na muuaji, ambako lazima kuelezwe kwa kina: alisema nini, alishika nini, watoto walikuwa wapi.

Sasa rumande, maana ndiko watu wanakoteketea. Mara nyingi wote wanafunguliwa shtaka la mauaji kwa pamoja, na mauaji hayana dhamana. Upelelezi "haujakamilika", kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na mtu ambaye angepewa kifungo kifupi anazeekea mahabusu. Ndiyo, muda huo jaji anauzingatia, lakini hakuna anayemrudishia. Msisubiri kesi ianze kusikilizwa. Wakili wake aiandikie ofisi ya mashtaka mapema kuomba hati ya mashtaka ibadilishwe iwe ya kosa la kifungu cha 213. Ikibadilishwa, dhamana inaweza kuombwa. Majadiliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa kupatana na waendesha mashtaka, nayo yanaruhusiwa kisheria tangu 2019.

Na kuna hili ambalo sijawahi kulikubali. Kifungu hicho hicho cha 387 kinamkinga mke anayemficha mumewe, na mume anayemficha mkewe. Mama hana kinga hiyo. Nilimtetea mama mmoja aliyemfungulia mwanawe mlango usiku, akampa chakula, akachoma shati lake. Alikiri yote bila kuzunguka. Jaji aliangalia umri wake na muda aliokwisha kukaa ndani, akampa adhabu iliyomwezesha kurudi nyumbani siku ile ile. Ilikuwa hukumu ya haki, ila ilitegemea moyo wa jaji mmoja. Kama sheria inatambua kwamba mke hawezi kumfungia mumewe mlango, ingemtambua na mama pia. Bunge lingeweza kulirekebisha hili kwa mstari mmoja.

Binamu hayumo kwenye kinga yoyote, kwa hiyo ukienda kumwona, mwulize haya: nani alimwambia kuhusu kifo, saa ngapi, kabla au baada ya kutuma nauli, na nani mwingine alikuwepo. Majibu mpelekee wakili wake tu, hata ndugu wengine wasiyasikie, kwa sababu yeyote kati yao anaweza kuitwa kutoa ushahidi.