Mtungi wa Gereji ya Katwe

Jumamosi iliyopita nilitimka mbio kutoka gereji. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye malori mawili, nikavuka barabara ya Katwe na ndala mguu mmoja. Fundi alikuwa anachomelea chesisi yangu. Alipofungua mtungi wa oksijeni ukatoa ile sauti, tsss, na mimi nikawa niko kitandani, Juni 2021.

Najua mmezoea nikieleza jinsi ya kupata lori la kwanza, la pili, na mzigo wa Juba kupitia Elegu. Ndiyo mnayoyataka, hata mimi ndiyo nayataka. Leo mnivumilie, maana hili limenila pesa kuliko injini yoyote.

Wimbi la pili la korona ndilo lililonikamata. Uganda ilifungwa tarehe 18 Juni kwa siku 42, na siku tatu baadaye nikalazwa, hospitali siitaji. Oksijeni ilikuwa ya kugombaniwa. Mzee wa kitanda cha jirani, tukimwita Hajji, aliniuliza alfajiri moja kama mtungi wake bado unalia. Nikamwambia unalia. Ulikuwa kimya. Sijui mpaka leo kwa nini nilimjibu vile. Kulipokucha kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kisha homa na kukosa hewa vikanipanda kichwani. Niliona watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima wananipakia kwenye lori langu mwenyewe, juu ya maiti, huku wakipatana bei kwa Kiluganda. Usiniambie ni ndoto. Niliona.

Mwezi wa nane nikaruhusiwa. Kaka yangu wa tumbo moja alituma boda inichukue, yeye akabaki dukani. Stejini wakanibatiza Korona. Nimesamehe, lakini jina hilo bado nalisikia nikipita.

Mapafu yalipona, usingizi ukagoma. Nililala kwenye kabini na madirisha wazi, hata Gulu kwenye mbu wote wale. Nilizunguka nusu ya Kampala kwa dizeli yangu ili nisipite mbele ya hospitali ile. Utingo akipuliza matairi kwa kompresa, nilikwenda kusimama mbali. Pombe ya waragi ilinilaza kwa saa mbili tu, halafu ndoto zikarudi na wenzake. Mteja mmoja wa saruji akanikimbia kwa kuchelewa kwangu.

Nilimaliza mwaka mzima hivyo kabla ya kwenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Kumbe zipo, si lazima Butabika, ile hospitali kuu ya akili, ingawa Butabika nako wanatibiwa watu, si vichaa mnaowasimulia. Daktari aliita kiwewe. Ndoto, kukwepa, kushtuka ovyo: vikizidi mwezi mmoja, ni ugonjwa, na kati ya waliotoka wodi ya mahututi takriban mmoja kwa watano huupata. Akasema ubongo wenye homa, usio na hewa ya kutosha na uliojaa dawa, hutunga picha, na picha hizo huuma kama kweli kwa sababu hofu yenyewe ilikuwa kweli.

Akaniagiza nisimulie yote, mwanzo hadi mwisho, mara nyingi. Hapo mke wangu akatoa daftari la hesabu. Hakuruhusiwa kuingia wodini, lakini aliandika kila siku: nani kapiga simu, tumelipa kiasi gani, nimehamishiwa wapi. Siku ya lile lori la maiti ameandika: “Wamemhamisha wodi ya chini, kwa machela.” Nilicheka mpaka nikalia.

Kwa hiyo semeni, ndugu zangu. Sema na mkeo, sema na daktari. Wewe kijana wa Mubende uliyeniandikia kwamba ulipona ebola ya 2022 na bado unanawa klorini usiku wa manane, sema. Wale 87 waliopona hawakurudi nyumbani mikono mitupu, kila mmoja ana mzigo wake. Mnapeleka lori gereji kwa kelele ndogo ya giaboksi, ninyi wenyewe mnaendesha mkinguruma! Acheni pombe. Na aliye na mgonjwa, aandike daftari.

Fundi amenipigia leo. Chesisi iko tayari, ndala pia. Nimemwomba abakishe sehemu moja ya kuchomelea, aifanye nikiwa nimesimama pale.