Kuta za vioo na dari la mawe, mbona haliporomoki?

SWALI: Mhariri, makanisa ya zamani ya Ufaransa yana madirisha makubwa balaa na dari la mawe juu, sasa uzito wote ule unashikwa na nini?

JIBU: Angalia kwa nje ndugu yangu. Matao yaliyochongoka juu hayasukumi pembeni sana kama ya duara, mbavu za mawe za dari zinapeleka uzito kwenye nguzo, halafu msukumo unaobaki unapokelewa na mikono ya mawe iliyojengwa nje, inazuia ukuta kama mtu anavyozuia mlango kwa bega, kwahiyo ukuta wenyewe haubebi sana na mafundi wakaujaza vioo vya rangi. Abati Suger, mkuu wa monasteri, alionyesha njia pale kwenye kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, upande wa altare ukatabarukiwa 1144. Kanisa la Chartres, lililojengwa upya baada ya moto wa 1194, bado lina vioo vingi vya enzi hizo, na ile bluu yake jamani, tafuta picha uione! Ila tamaa ya urefu iliwaponza mafundi wa kanisa la Beauvais, walipandisha dari mpaka mita 48 hivi, sehemu ikaanguka 1284, ikabidi waongeze nguzo katikati ya zile za mwanzo.