Rafiki yangu wakili amefiwa na mama: nimpe pole kwa lugha ya kijiweni?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi simu Kariakoo. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, kule Tabata, sasa ni wakili. Jumatatu usiku amefiwa na mama yake, na mimi mama yule nimekula kwake sana. Tukiwa wawili tunaongea kihuni tu: oya, mwana, msela. Ila kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kila mtu ameandika "Pole sana Wakili Msomi" na maneno mazito. Nimeandika ujumbe nikafuta, nikaandika nikafuta. Kihuni naona namvunjia heshima, kisomi naona siyo mimi. Ijumaa mwili unasafirishwa kwenda Rombo. Nimwandikie vipi?*

Marahaba mwanangu. Pole na wewe. Mama uliyekula kwake ni mama yako, usijiweke pembeni kama mtu aliyesikia tanzia redioni.

Mwandikie kwa lugha yenu. Hiyo "Wakili Msomi" ni heshima ya mahakamani, mawakili wenyewe huitana hivyo, na wenzake wa kazini watampa ya kutosha. Hebu tazama wiki yake ilivyo. Kama ana kesi inatajwa siku hizi, itabidi atafute mwenzake asimame mbele ya hakimu aombe iahirishwe. Nyumbani kamati ya mazishi inamtazama yeye, kwa sababu ndiye aliyesoma: vibali vya kusafirisha mwili, gari la waombolezaji, mazungumzo na kanisa. Na matanga hayajaanuliwa, mjomba mmoja atamvuta nyuma ya turubai amuulize habari za nyumba. Wakirudi kutoka Rombo kuna cheti cha kifo cha kufuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kuna kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kuna muhtasari wa kikao hicho wa kupeleka mahakamani. Nani ataambiwa aandike? Yeye. Nimeona misiba mingi ambayo mtoto mwanasheria au daktari halii mpaka watu wameondoka, maana muda wote yuko kazini ndani ya msiba wake mwenyewe. Huyu anahitaji mtu mmoja wa kumwita "mwana", na mtu huyo ni wewe.

Sasa nikuwekee mipaka, na hapa nakuomba unisikilize sana. Uhuni wenu uishie kwenye kumwita yeye na kumwambia ulivyoumia. Kifo chenyewe usikiguse kwa maneno ya kijiweni. Kudanja, kudedi, kukata moto, hayo hata kama mmeyatumia miaka yote kwa watu wa mbali, wiki hii yasitoke mdomoni mwako. Sema "ametutoka" au "amefariki". Marehemu mwite vile mwanawe alivyomwita. Kama ni "maza", sema maza. Na usimwambie "kaza" wala "usiwaze". Amefiwa na mama, awaze.

Kwenye grupu wapo wazee, wapo na shangazi zake. Huko andika mstari mmoja wa adabu, "Poleni sana familia kwa msiba huu mzito, Mungu ampumzishe mama kwa amani," inatosha. Haya mengine yapeleke kwake peke yake. Kama utaniruhusu nijaribu lugha yenu, ningeandika hivi:

"Dah, mwanangu. Habari ya maza imeniuma kinoma. Yule alikuwa maza wetu sote, ule wali maharage wake nimekua nao. Pole sana mwana. Najua hapo home kila mtu anakuuliza kitu, kwa hiyo mimi sikuulizi kitu. Hii usijibu. Kesho nikifunga ofisi nakuja, kama kuna viti vya kubeba au mtu wa kupokea stendi nipe mimi. Niko na wewe mwana."

Hapo kwenye wali maharage weka unachokikumbuka wewe kweli, si cha kwangu. Hicho ndicho atakachokisoma mara ya pili.

Ukifika msibani lugha inabadilika tena. Anza kwa baba yake na wakubwa waliokaa: shikamoo, kisha poleni na msiba. Rambirambi yako mpe mwenye daftari, hata kama ni ndogo, usimshikishe rafiki yako hela mkononi mbele za watu. Ndipo umtafute yeye. Akitaka kuongea, mwongee kihuni mpaka asubuhi. Akinyamaza, kaa naye.

Ukipata nafasi kwenye gari la Rombo, funga ofisi uende. Ukikosa, wateja wasikusahaulishe: akisharudi Dar na turubai limeng'olewa, mpigie tena, kisha tena wiki inayofuata, wakati simu za wengine zimekatika. Ujumbe utume leo.